Kidole Kilichofuta Mlango

Haya yalimkuta binamu yangu, ambaye mtaani tunamwita Fundi Picha kwa kazi yake ya kurekebisha picha za watu. Si mtu wa kuogopa kivuli chake, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza.

Asubuhi hiyo mdogo wake alikuwa akimtania, kama ilivyo ada, kuhusu kompyuta ya mezani iliyoko chumba cha mbele.

"Dada, hilo zee kila likiwaka linakohoa. Tableti unaishika mkononi, unapitisha kidole, kazi imekwisha."

"Haraka haraka haina baraka," Fundi akajibu. Kwenye kompyuta alikuwa na desturi yake. Huweka kwanza picha ya asili kando, kisha huhangaika na nakala, ili akikosea apate pa kurudia. Tableti ilimkera kwa sababu ilihifadhi yenyewe kila alichogusa, bila kumuuliza.

Akaja mama mmoja mpole na picha inayomwonyesha ameketi kitini, chumbani.

"Nifutie dirisha na mlango, mwanangu," alinong'ona. "Vinanitesa."

Fundi aliiweka picha kwenye kompyuta, akaituma pia kwenye tableti. Mara umeme ukakatika. Mchana alitakiwa kumchukua binti yake shuleni, yule mwenye doa jeusi shavuni kama la bibi yake, na hakupenda kumchelewesha. Basi akabeba tableti hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akavuta kiti.

Akafuta dirisha kwa kidole. Kioo kilikuwa na uvuguvugu, kama ngozi ya mtu. Chumba kikaingia giza. Akadhani ni mawingu.

Akafuta mlango. Kelele za barabarani zikakatika.

Akainua macho. Ukuta. Akageuka. Ukuta. Akatazama tena picha. Yule mama hakuwemo. Aliyeketi kitini alikuwa yeye mwenyewe, Fundi.

Akabonyeza alama ya kurudisha. Haikukubali. Tableti ilishahifadhi. Akapiga ukuta kwa ngumi, ngumi hazikutoa sauti. Akaita hadi koo likakauka. Hofu ilimshika kwelikweli, lakini kilichomuuma zaidi ni kumfikiria binti yake akimngoja peke yake kwenye geti la shule.

"Nani atamchukua mwanangu?" alinong'ona.

Hewa ikapungua. Akakaa chini. Ndipo aliposikia, kwa mbali sana, kitu kikikohoa.

Kompyuta. Umeme umerudi, na mdogo wake ameifungua ile picha ya asili.

Mlango ukawepo. Ukafunguka.

"Dada, ulikuwa wapi?" mdogo wake aliuliza. "Nimeingia humu mara mbili, sikukuona."

"Yule mama yuko wapi?"

"Ameondoka. Kasema picha haihitaji tena."

Fundi hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia hadi shuleni, akamkuta binti yake getini akilia. Akapiga magoti, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa kidole kilekile.

Mtoto akatabasamu. Shavu lake lilikuwa safi kabisa. Doa alilozaliwa nalo halikuwepo.

Mpaka leo binamu yangu huvaa glavu mkono wa kulia, hata wakati wa joto. Mwanawe akimkimbilia, huuficha mkono huo mgongoni, akamkumbatia kwa mmoja.