Heda ya Kuazima

Duka la vipuri vya elektroniki lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni, na kabatini kilibaki kihisi cha joto kimoja tu. Vidole viwili vikakielekea kwa pamoja.

"Hicho ni changu," alisema dada wa gauni la kijani na raba nyeupe, begi la kompyuta begani.

"Samahani, dada yangu. Mimi niko hapa tangu asubuhi," alijibu kijana wa ovaroli ya kijivu. Koleo lilichungulia kwenye mfuko wake wa kifuani.

"Tangu asubuhi? Duka limefunguliwa saa nne, na sasa ni saa nne na robo!"

"Kwani saa nne ni jioni?"

Dada alitaka kununa, kicheko kikamtoka. Wakaulizana, wakagundua wametumwa kazi moja: hospitali ilitaka vifaa kumi na viwili vya kulinda joto la vitanda vya watoto njiti. Kijana angeunga vipande vya bodi kwa chuma cha moto, dada angeandika programu. Walitoka dukani na kihisi kimoja na namba mbili za simu.

Miezi sita baadaye kijana alimwita dada Injinia, na Injinia alimwita kijana Koleo.

"Umekula?" Koleo aliuliza kwa simu kila mchana.

"Bado, mpenzi. Programu inanisumbua."

"Basi niandikie na mimi kwenye hiyo programu, huenda ukanikumbuka."

Mambo yalikuwa yameiva. Shangazi yake Koleo, ambaye ndiye Matroni wa wodi ya watoto njiti, alikwisha kupanga kuwaongoza wazee Jumamosi kwenda kwa mama yake Injinia kupeleka posa.

Jumatano kazi ikakwama. Bodi ya kifaa ni ndogo, na mfumo wa Linux unaoiendesha umepunguzwa ukabaki mifupa mitupu. Haiwezi kujitengenezea programu. Programu hutengenezwa kwenye kompyuta ya Injinia, kisha hupakiwa huko. Ili kompyuta ijue maktaba za bodi, yaani vipande vya programu vilivyo tayari, zimepangwaje, hupewa faili ziitwazo heda. Siku hiyo Injinia alibadilisha maktaba ya kusomea joto, kompyuta ikagoma: heda yake haipo. Akarudia. Haipo. Watengenezaji wa bodi wakamwambia asubiri siku mbili, na majaribio ya hospitali yalikuwa kesho yake.

Ndani ya kompyuta yake mwenyewe ilikuwamo heda ya jina lilelile. Akainakili, akaiweka kwenye folda ya bodi. Kompyuta ikanyamaza, programu ikatoka safi. Injinia akashusha pumzi, akaenda kuosha nywele.

Alhamisi wakasimama wodini mbele ya kitanda kitupu kilichopashwa joto: Matroni, daktari mkuu, Koleo na Injinia. Kipimajoto cha kawaida kilisoma thelathini na sita. Kifaa kikasoma kumi na tisa.

"Kumi na tisa?" daktari aliuliza. "Mtoto wa joto hilo hangekuwa hai."

Wakajaribu kifaa cha pili, cha tatu. Kumi na tisa tena. Wote walikuwa wakimtazama Injinia, na mdomo wake ukakimbia kuliko akili.

"Programu yangu haina kosa. Ni kuunga. Huyu fundi ameunga ovyo."

Koleo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Alikusanya vifaa vyote kumi na viwili kwenye kreti, akatoka.

"Mwanangu," Matroni alimwambia Injinia taratibu, "Jumamosi sitakuja. Siwezi kumposea mtoto wangu mtu wa kumvua nguo hadharani."

Ijumaa asubuhi heda halisi ikafika kwa barua pepe. Injinia aliifungua, akailinganisha na ile aliyoiazima. Kompyuta yake ilipanga namba kwa nafasi pana, bodi kwa nafasi finyu. Kifaa kilikuwa kikisoma joto mahali pasipo na joto. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelikalia siku mbili.

Alibadilisha faili, akatengeneza programu upya. Sasa angeweza kuipakia kimyakimya na kusema fundi amerekebisha. Nani angejua? Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile aliiona ndefu ya kutosha kumfikisha Jumamosi. Alikaa akiitazama simu, anampenda Koleo na anaona aibu, na aibu ilikuwa inashinda.

Mwishowe akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Akampigia Matroni.

"Shikamoo, shangazi. Koleo yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko hapa wodini, anarudisha vifaa na kuaga. Daktari amemwita fundi mwingine. Usije kumwongezea uchungu."

Alikuja akikimbia, gauni limekunjamana, nywele zimefungwa kwa waya wa chaja. Alimkuta Koleo ameinamia kreti na daktari amesimama kando.

"Daktari, kosa ni langu," alisema kabla hajapumua. "Sikuwa na heda ya bodi, nikaweka ya kompyuta yangu. Kuunga kwake hakuna dosari. Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu naomba radhi."

Akapakia programu mpya kwenye kifaa cha kwanza, akakiweka kwenye kitanda kilekile. Thelathini na sita.

Daktari alitikisa kichwa, akaondoka kwenda kumzuia yule fundi mwingine. Koleo bado alikuwa ameinama.

"Sema neno, mpenzi. Hata tusi."

Koleo akainua mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimeungua, mbili zimefungwa bandeji.

"Nimefumua vyote kumi na viwili," alisema. "Nikaunga upya nukta moja moja. Sikuona kosa hata moja, nikafumua tena. Nilisema, Injinia hawezi kusema uongo, basi ni macho yangu hayaoni. Nilikuamini wewe kuliko mikono yangu."

Injinia alilia pale pale, bila kujificha. Alivishika vile vidole kama mtu anayeshika mayai.

"Sistahili," alisema.

"Hilo kweli." Koleo aliisukuma kreti kando kwa mguu. "Siku nyingine ukikwama, nipigie kabla hujatafuta wa kumlaumu."

"Hata kama ninayetaka kumlaumu ni wewe?"

"Hapo ndipo upige haraka."

Matroni, aliyekuwa akikunja shuka ileile kwa mara ya nne, alikohoa. "Mimi nina kazi nyingi. Niambieni kesho napanga likizo ya posa au sipangi?"

Koleo alimtazama Injinia, akamwachia yeye aseme.

"Njooni saa nne, shangazi," Injinia alisema, akipangusa pua kwa mkono wa gauni. "Lakini mimi nitaanza kumweleza mama nilichomfanyia mtoto wenu. Akikubali kuwafungulia baada ya hapo, ingieni."