Sahihi ya Marehemu Battista

Ilianza na harufu ya sigara kali ya Battista, na Battista alikwisha kuzikwa. Ornella Pedretti akafungua dirisha la karakana, baridi ya milima ya Gardone ikamng'ata masikio, lakini harufu haikutoka. Ilikaa pale pale mezani, juu ya bunduki.

Na bunduki yenyewe, jamani, ilikuwa nzuri! Nakala ya ile ya Wamarekani wa zamani, inayokokiwa kwa wenzo wa chini, mbavu zake za shaba zimechongwa nyati wakivuka mto, manyoya yanahesabika. Nakshi yote ilikuwa ya Mzee Battista Gnali, aliyemfundisha Ornella kushika tindo. Karibu na kifyatulio aliacha nafasi ndogo, maana mafundi wa bonde lile huweka jina mwisho kabisa, na jina la fundi haliandikwi na mkono mwingine.

Alipolazwa hospitali alimwita Ornella. "Binti yangu, niletee bunduki niweke sahihi. Mkono bado unanitii."

"Kesho, Mzee. Bado naing'arisha."

Mwongo mkubwa! Ilikuwa imeshang'aa. Kesho ikazaa kesho, mzee akafa macho yakiwa mlangoni, na Ornella akachonga jina lake mwenyewe katika nafasi ile. Watu wakamsifu, naye hata chakula hakikumshuka.

Basi mchana wa siku ile ya harufu wenzake walikwenda kula, akabaki peke yake. Ti, ti, ti. Nyundo ndogo. Akatazama ukutani, nyundo zote zimetundikwa. Ti, ti, ti, karibu zaidi, na harufu ya sigara ikazidi mpaka machozi yakamtoka, kisha kitu baridi kikaushika mkono wake wa kulia kwa nyuma, kikavikunja vidole vyake kimoja kimoja kama mzee alivyokuwa akimkunjia zamani za kujifunza, kikauvuta polepole kuelekea kwenye shaba. Akapiga ukelele.

Gianmaria, fundi mwenzake, aliingia mbio na mkate mdomoni. "We Ornella! Umeona jini?"

"Nyamaza, usimtaje!"

Vidole havikukunjuka. Daktari akapima, hakuona kitu. Na mchonga nakshi asiye na mkono atakula nini?

Jioni alimwendea Rachele, mjane wa Battista, ambaye watu wa bonde humwendea awaombee. Akamweleza yote, uongo wa kesho na sahihi, huku akilia.

Rachele akachukua shali yake. "Alikuwa akiniuliza kila saa, 'Ornella kafika?' Nami nakutetea, nasema barabara ina theluji."

"Nisamehe, mama."

"Mimi si mwenye jina. Twende."

Karakanani Rachele akachoma tawi la mzeituni la Jumapili ya Matawi, akanong'ona sala zake. "Battista, mpe mkono wake, akurudishie jina lako." Vidole vikalegea. Ornella akakwangua jina lake, akachonga la mzee, herufi kwa herufi. Alipomaliza, harufu ikakatika, na hewa ikawa hewa tu. Wanawake wakakumbatiana.

Wiki iliyofuata Ornella alimaliza bunduki nyingine, kazi yake mwenyewe tangu mwanzo. Akaweka sahihi, akaigeuza kwenye mwanga. *Battista Gnali*. Akakwangua, akarudia taratibu, akilitamka jina lake mwenyewe kwa sauti kila herufi. *Battista Gnali*.

Akatupa tindo, akakimbilia posta kuchukua kifurushi chake, apumzishe akili. Karani akampa kalamu, akasoma alichoandika, akacheka.

"Ornella, huyu si yule mzee marehemu? Andika lako, bwana."

"Naandika langu," akasema Ornella, machozi yakimdondoka juu ya karatasi, na mkono ukaandika tena lile lile, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka.