Filimbi Mbili Fupi za Dada

Filimbi ililia mara moja, ndefu, kutoka nyumbani kwa dada yangu!

Nilitupa mkasi, nikatoka mbio, pini zikiwa bado mdomoni. Nikafika getini kwake. Nikashika komeo...

Mara zikalia mbili fupi.

Shwari.

Nikacheka peke yangu. Nikaachia komeo, nikarudi kushona.

Jamani... niligeuka!

Ngoja niwaeleze vizuri.

Wezi walikuwa wametuchosha. Walianua nguo kwenye kamba, wakabeba majiko, hadi mlango wa jirani yetu Kinyozi waling'oa mchana kweupe. Tukaamua kujilinda wenyewe. Kila nyumba ikapewa filimbi. Moja ndefu: njooni mbio! Mbili fupi: shwari, kila mtu arudi kwake.

Kiongozi wetu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Tulimwita Kamanda.

Mtu wa watu kwelikweli. Akipita, watoto wanampigia saluti. Na ndiye aliyeleta ile sheria, kwamba ukishasikia shwari, marufuku kuingia ndani kwa mtu.

"Tulinde mali, lakini tulinde na heshima ya nyumba za watu," alisema kikaoni.

Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Shemeji yangu huyo!

Wezi wakakoma. Mtaa ukatulia tuli.

Ila dada akabadilika. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na geti lake, na nguo zake zote nashona mimi. Ghafla akawa anataka mikono mirefu tu.

"Dada, joto lote hili? Unataka kuiva?"

"We shona bwana. Maswali mengi kama uko mahakamani!"

"Haya, njoo nikupime."

"Tumia vipimo vya zamani."

Nikamtania kwamba tangu awe mke wa Kamanda ameanza maringo, hata kuguswa hataki. Akacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa turudi siku ile. Nimeshakaa kwenye mashine, nashona, Kamanda huyo mlangoni. Shati limeloa, vifungo viwili havipo.

"Shemeji, dada yako kateleza bafuni! Twende hospitali!"

"Kateleza? Na ile filimbi?"

"Watoto walikuwa wanaichezea."

Kwa kuchanganyikiwa sikuwaza. Tuko njiani, dada amelala mapajani mwangu, ndipo likaniingia. Watoto gani? Nyumba ile haina mtoto!

Nikamtazama Kamanda. Akatazama nje.

Hospitali, muuguzi alimwambia abaki kwenye korido. Mgonjwa anataka kuongea na mdogo wake, peke yao.

Uso wa dada ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki. Wauguzi walikuwa wameikata mikono ya gauni lake. Ndugu zangu, nilichokiona kwenye mikono yake sitakiandika hapa.

"Dada... ni yeye?"

"Ni yeye. Siku nyingi."

Damu ilinichemka!

"Mnyama yule! Akupige, halafu apulize shwari ili tusije?"

"Hapana, mdogo wangu."

"Hapana nini?"

"Shwari nilipuliza mimi."

Nikadhani anaweweseka.

"Ile ndefu niliipuliza kwa kuchoka," akasema polepole. "Yeye akachukua nondo, akasimama nyuma ya mlango. Akasema wa kwanza kuingia ndiye ataipata. Nikachungulia dirishani... nikakuona wewe."

Nilikuwa nalia kama mtoto.

"Siku zote wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Ulipogeuka, nikashusha pumzi."

Sikusikia tena sauti yake. Kabla jua halijazama, dada yangu hakuwepo.

Kamanda alikamatwa pale pale kwenye korido, akipokea pole, filimbi ikiwa shingoni. Sasa yuko gerezani. Watu wananiambia haki imetendeka. Labda. Mimi dada yangu simwoni.

Na lile gauni nililorudi kulishona? Lilikuwa lake. Mkono mmoja nimeshamaliza, wa pili bado. Linaning'inia kibandani. Wateja wakiliulizia nawaambia lina mwenyewe.

Ulinzi wa mtaa tunaendelea nao, ila sheria ya Kamanda tumeifuta. Siku hizi shwari ikilia ndiyo tunaingia, tena kundi zima, mpaka aliyepuliza atoke nje tumwone uso. Juzi Kinyozi alipuliza kwa bahati mbaya akiwa anaoga, akatolewa na taulo, povu hadi masikioni. Alitutukana sana. Tukamwambia tukana tu, baba, mradi tumekuona.

Wewe unayesoma hapa, yupo mtu wako ambaye kila ukimuuliza anakujibu yuko poa. Usilichukue jibu lake ukaondoka nalo. Tafuta wenzako, mwende, mfungue geti mwingie mumwone.

Mimi niliishia kwenye komeo.