Mnyororo wa Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Chiku alifagia uwanja wa nyumba yao pale Ilomba, akachota maji, akachemsha chai, kisha akampelekea baba yake kikombe nje kwenye gari. Jumamosi ile alifanya yote hayo bila kukosea, ila ungemwuliza amefagia saa ngapi, asingeweza kukwambia. Alikuwa kama mtu anayetazama mikono ya mwingine ikifanya kazi.

Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu, tangu siku mwalimu mkuu aliposoma majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi zaidi ya arobaini, na majina yaliyosomwa yalikuwa matatu. Shule nzima ilijua la Chiku litakuwamo. Halikuwamo. Hakulia. Alirudi nyumbani, akaosha vyombo, na kila aliyemwuliza hali alimjibu, "Sijambo." Watu wakamsifu kwamba ana moyo mgumu. Moyo mgumu wapi! Mtoto wa watu alikuwa hasikii kitu, si uchungu wala njaa. Mama yake alikuwa Iringa akimwuguza bibi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtazama vizuri.

Baba yake, Muharami, aliendesha Pijo ya kubebea abiria na magunia ya mchele kutoka Rujewa. Kwa mizigo ile na njia zile za Usangu, springi za mbele zilikuwa zimechoka. Gari likiingia shimoni, tumbo lilikwaruza chini. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemletea kutoka Zambia springi nyingine, nene kuliko zile zilizokuja na gari, zilizotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. Muharami akaamua kuzifunga mwenyewe hapo nyumbani, akisaidiwa na jirani yake Andendekisye, aliyewahi kuwa fundi wa matingatinga wakati barabara kuu inajengwa.

Kwenye gari lile springi imeizunguka shokapu, nayo hukaa imebanwa kwa nguvu. Ukifungua nati ya juu kabla hujaifunga springi, inaruka, na kinachokuwa mbele yake hakibaki salama. Chombo cha kuibania hawakuwa nacho, lakini Andendekisye alikuwa na njia yake. Watu wazito wangekaa juu ya boneti ili gari lididimie na springi ijibane. Hapo ingefungwa kwa minyororo mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukikazwa kwa bolti na nati. Mkono wa mtu mzima haukuweza kupita kule nyuma. Wa Chiku ulipita.

Andendekisye alipanda boneti pamoja na mkewe Damari, mama mmoja mnene mwenye maneno.

"Kila siku mnanisema ninakula sana," alisema Damari akijiweka sawa. "Leo mmeona faida yake."

Chiku alijipenyeza chini ya madigadi na spana yake. Mnyororo wa kwanza aliukaza, wa pili akaukaza. Wa tatu, ule wa nyuma, spana haikutaka kuingia. Aliizungusha nati kwa vidole, ikashika kidogo tu kwenye ncha ya bolti. Aliona kwamba haijakaza. Aliona, lakini hakujali.

"Chiku, tayari?" aliuliza baba yake.

"Tayari," alijibu. Neno lilitoka lenyewe, kama lile la "sijambo".

Watu wakashuka. Gari likainuliwa kwa jeki, gurudumu likatolewa, na baada ya muda shokapu ikatoka pamoja na springi yake, ikalazwa juu ya gunia karibu na banda la jiko. Muharami alipiga magoti, akashika spana na kuinamisha uso kwenye ile nati ya juu.

Chiku alikuwa amesimama upande wa pili. Kutoka pale aliiona vizuri nati ya mnyororo wa tatu, imening'inia pale pale kwenye ncha. Akauona na uso wa baba yake, na tone la chai kwenye masharubu. Ghafla hofu ikamshika. Aibu nayo ikaja juu yake. Ameshindwa shule, sasa ajulikane kwamba hata nati imemshinda, na kwamba amedanganya? Spana ya baba ilikuwa imeshaingia kwenye nati.

"Baba, usifungue," alisema. "Mnyororo wa nyuma sikuukaza. Nilisema tayari, lakini haikuwa tayari."

Muharami aliinuka polepole, akamshika mkono na kumsogeza mbali. Andendekisye aliinama, akatazama, akaguna. Alikwenda kuchukua mwanzi mrefu, akasimama nyuma ya gari, akaigusa ile nati kwa ncha ya mwanzi.

Ulisikika mlio kama wa bunduki. Shokapu ilibiringika mpaka ukutani. Bolti ilitoboa bati la banda la jiko, usawa wa kichwa cha mtu aliyepiga magoti.

"*Mwe!*" alisema Damari kwa sauti ndogo, akakaa chini.

Kazi ikaanza upya. Walirudisha shokapu mahali pake, wakashusha gari, watu wakapanda tena boneti, na mvua ya rasharasha ikaanza. Muharami aliuliza kama ni tayari. Chiku akajibu, "Bado." Akauliza tena, akajibiwa, "Bado, baba, spana inateleza." Hakuna aliyemharakisha, hata Damari aliyelowa kitambaa cha kichwa. Kufika alasiri springi mpya zote mbili zilikuwa zimefungwa.

Jirani zao walipoondoka, Muharami aliketi kizingitini akimmiminia binti yake maji ya kunawa.

"Nisikilize, Chiku," alisema. "Kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Anayekutegemea hana macho mengine zaidi ya neno lako. Leo umesema dakika ya mwisho, na umeniponya. Siku nyingine sema mapema."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Wiki tatu unaniambia hujambo, nami nikajifanya kuamini, kwa sababu sikujua nikuambie nini juu ya shule. Haya, niambie kweli. Hujambo?"

Chiku alifungua mdomo kusema lile neno, likakataa kutoka.

"Inaniuma, baba," alisema.

"Hata mimi iliniuma. Inaniuma mpaka leo."

Chiku akalia pale pale kizingitini, mikono ikiwa imejaa grisi na povu la sabuni, na baba yake hakumwambia anyamaze.