Sauti Nyuma ya Pazia

Chai ilikuwa na chumvi. Kadija aliimwaga, akachota maji mengine kwenye pipa, nayo yalikuwa vivyo hivyo. Akatoka uani kumkabili Wangare, jirani aliyechota naye maji kwenye bomba moja pale mtaani Bondeni.

"Umetia nini kwenye maji yangu?"

"Mimi? Mama Ladan, hata mlango yako sijagusa."

Kadija hakumwamini. Tangu mumewe Obeid, fundi cherehani, arudi kutoka pwani alikokwenda kumzika mamake, nyumba ilinuka mwani. Kuta zilitoa unyevu, na Nakuru mwaka ule wa 1955 ilikuwa kavu, vumbi la ziwani likitimka barabarani. Obeid naye alikuwa mpole kupita kiasi. Hakushona tena. Alishinda chumbani akimpakata binti yao Ladan, akimnong'oneza.

Alasiri hiyo akaja Darweshi, binamu ya Obeid, moja kwa moja kutoka kwenye gari la moshi. Hakutaka kuketi.

"Shemeji, sikutaka uambiwe na mtu mwingine. Obeid hatunaye."

"Wasema nini?"

"Aliingia lile pango la baharini, kule miambani, walimofungiwa watumwa zamani wakasahauliwa mpaka maji yakajaa. Sisi hatuingii bila kupiga hodi. Yeye alicheka, akaingia, maji yakamkuta humo. Tumeshamzika."

Nyuma ya pazia la chumbani, Obeid alikohoa. Darweshi aliijua sauti ile, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Kadija hakupiga ukelele, maana mtoto alikuwa humo, mapajani mwa kitu asichokijua, na sasa alisikia wimbi likivuta changarawe chini ya kitanda, likirudi, likivuta tena, akaita:

"Ladan, njoo tuanue nguo."

Kisha sauti ya Obeid ikasema taratibu, "Nenda, mwanangu. Mama anakuita."

Ladan akatoka, gauni limelowa mpaka kifuani. Kadija akamnyakua, akakimbilia kwa Wangare. Aliwaingiza, akakomea mlango.

Darweshi na wanaume wa msikitini waliingia chumbani wakisoma Kurani. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu imejaa maji. Wakafukiza ubani mpaka magharibi, na shehe akasema kimetoka.

Wangare alikuwa akimkausha mtoto kwa leso.

"Nilikushuku bure," Kadija alisema.

"Wacha hiyo sasa. Keti."

Ladan akamtazama Wangare, akanong'ona, "Baba amesema mama akiniita mara ya pili, nisiitike, maana hatakuwa mama."