Njuki Aliapa kwa Kisanduku cha Moyo

Jioni hiyo nilitoka kuwafungua mbuzi niwarudishe zizini. Kiunoni nilikuwa na kisanduku. Daktari wa Embu alikuwa amenibandika nyaya kifuani, akanionya nisizitoe hadi kesho. Ndani mlikuwa na kaseti ya kunasa mapigo ya moyo wangu, na taa ndogo nyekundu iliwaka kila moyo ulipodunda. Mwaka huo wa tisini na nne, majirani wote hapa Kiritiri walikuja kukishangaa.

Penye mkonge uliopandwa mpakani nilimkuta mume wangu Njuki na ndugu yake Kithaka, wakigombania mpaka wa shamba.

"Kula kithitu basi," Kithaka alinong'ona.

Kithitu si mchezo. Ukila kiapo hicho kwa uongo, kinakumaliza wewe au walio nyumbani mwako. Na sisi tulikuwa na mtoto mmoja tu, Karimi.

Njuki alinitazama, akatabasamu. Mjanja huyo, namjua.

"Mimi nitaapa na hii ya hospitali. Si hii ndio inajua roho ya mtu?"

"Baba Karimi, wacha," nikamwambia.

Akaweka kiganja juu ya kisanduku. "Kama ni mimi nilihamisha mkonge, hii initafute."

Ni yeye. Nilimwona aking'oa na kupanda upya.

Taa ikazimika.

Nikasikia harufu ya manyoya yaliyoungua. Ndani ya kisanduku, krr... krr... Kisha taa ikawaka tena, mbio mbio, ilhali moyo wangu ulidunda polepole.

Haikuwa ikinifuata mimi.

Kesho yake daktari aliisoma kaseti, akakunja uso. "Mama, una mimba?"

"Hapana."

"Hapa kuna mioyo miwili. Huu mwingine uko mbio, kama wa mtoto... halafu unafifia." Akaitoa kaseti, akaigeuza. "Labda kaseti ilikuwa imetumika kwa mgonjwa mwingine."

Niliporudi nyumbani, Karimi alikuwa amelala juu ya gunia, midomo imepauka. "Mama, nimechoka," alisema kwa sauti ndogo. Nikaweka sikio kifuani pake. Nilisubiri sana kabla ya kusikia kitu.

Nikampigia Njuki magoti. Nikamsihi amwite Kithaka, akiri, arudishe mkonge jioni hiyo hiyo.

Alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akalitazama shamba.

Akasema tungoje kwanza avune ndengu za kile kipande alichomega.