Harusi Iliyongoja Gari

Ijumaa ile ukumbi wa chakula wa kiwanda cha Reindler, mjini Augsburg, ulijaa hadi mlangoni. Ijumaa ni samaki, na foleni ilikuwa imezunguka nguzo mara mbili. Wiebke Tietjen alikuwa fundi cherehani, ametoka Bremen wiki hiyo hiyo kuja kushona viti vya magari ya majaribio. Alivaa sketi ya rangi ya majivu na sweta ya buluu yenye viraka vya ngozi viwikoni. Alimtazama samaki kwenye sahani yake, akamtazama tena.

"Huyu ameuawa mara mbili," akasema.

Nyuma yake mwanamume mrefu, mwenye udongo wa kahawia hadi kwenye nyusi, alicheka puani. "Mara tatu. Ya tatu ni huo mchuzi."

"Na nyie mnakula tu?"

"Tuna njaa, dada. Wewe wa pwani ya kaskazini, sivyo? Unaongea kama mtu anayesoma barua."

"Na wewe unaongea kama mtu aliyejaza viazi mdomoni."

"Ni viazi kweli," akasema, akamwonyesha sahani.

Huyo ndiye Simpert Bobinger. Kazi yake ilikuwa kuchonga gari kwa udongo, ukubwa kamili, kabla halijawa chuma. Reindler walikuwa wanatengeneza kizazi cha nne cha lile gari lao dogo la kifahari la milango minne, ambalo madaktari na mawakili walilipenda kama saa ya mkononi. Kizazi hicho kipya kiliitwa Namba Kumi na Saba. Chumba cha udongo kilifungwa kwa kufuli mbili, na hata mafundi cherehani hawakuruhusiwa kuchungulia.

Wakapendana. Wiebke alipanga chumba kwa Bi Kögel, mjane ambaye simu yake ilikaa ukumbini, na yeye akikaa karibu nayo.

"Shomoro wangu," Simpert alikuwa akisema kwenye simu kila Jumapili asubuhi, "jana nimemaliza bega la kushoto la gari."

"Na bega langu mimi?"

"Lako halihitaji kuchongwa."

"Sema taratibu, Bi Kögel anasikiliza."

"Mwambie na lake pia halihitaji."

Bi Kögel akawa anakohoa, uso mwekundu.

Mwaka wa pili walikubaliana: gari likitoka, wanaoana. Kabla ya hapo hakuna likizo, na Simpert hakutaka harusi ya kukimbilia kati ya zamu mbili. Lilikuwa litoke mwaka themanini na nane.

Halikutoka. Wakubwa waliliangalia lile la udongo, wakasema pua yake inafanana na ya karani mwenye mafua. Udongo wote wa mbele ukakwanguliwa, wakaanza upya. Harusi ikasogea. Mwaka uliofuata milango ikapiga mluzi wa upepo gari likienda kasi. Mipira ya milango ikabadilishwa, na vioo, na viti vyote vikafumuliwa, Wiebke akavishona tena mshono kwa mshono. Harusi ikasogea. Mamake kule Bremen aliacha kuuliza tarehe kwenye simu, akawa anauliza hali ya hewa. Na wenyewe walipokutana Jumapili walikaa kwenye kochi la Bi Kögel, mikono imeshikana, wote wamesinzia.

Mwaka wa saba Wiebke alinunua hariri nyeupe isiyong'aa sana, akashona gauni. Jumapili kumi na sita alikaa nalo: mikono mirefu, vifungo ishirini na viwili vidogo vilivyofunikwa kitambaa, kiuno kimekatwa bila mkunjo hata mmoja. Jumamosi moja mchana, mwezi wa tano, Simpert alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu. Wiebke alikuwa amelivaa, amesimama jikoni kwa Bi Kögel.

 Simpert alimzunguka polepole. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama mstari wa bega hadi kiuno. Akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujagusa, maana ulikuwa na udongo.

"Haina neno," akasema.

Wiebke alingoja. Hakuna kilichofuata.

Kwa miaka saba alikuwa amelisikia neno hilo Augsburg. Supu ya baridi, haina neno. Mtu kakukanyaga mguu, haina neno. Alikwenda chumbani, akafungua kifungo kimoja kimoja, na Jumatatu akapanda treni ya Bremen.

Simpert alipiga simu Bremen.

"Nimekosa nini, Shomoro?"

"Usiniite Shomoro. Jumapili kumi na sita, Simpert! Nawe unanijibu kama mtu aliyeletewa supu."

"Lakini nilikwambia haina neno!"

"Nimesikia!"

"Wiebke, haina neno!"

Wiebke akakata simu. Simpert alibaki na mkono wa simu sikioni. Neno kubwa kuliko hilo hakuwa nalo.

Septemba gari likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari, Frankfurt. Wiebke alijiambia anakwenda kuona viti vyake vimekaaje, basi. Alivaa koti la mvua la kijani na viatu vya kutembelea, akasimama nyuma ya umati. Waandishi wa magazeti walikuwa wakifungua mlango na kuufunga, wameinamisha sikio. Mmoja akasema halina makeke. Mwingine akaandika kwamba ni gari lisilo na haraka ya kupendwa. Daktari mmoja mzee akanung'unika, "La zamani lilikuwa na uso, hili lina kinyago," kisha akaingia kukaa, na robo saa nzima akakataa kutoka, anapapasa mshono wa kiti.

Ndipo akaja Bwana Mödinger, mkuu wa chumba cha udongo, mwenye fimbo na suti iliyopauka. Wachongaji wake sita walijipanga ukutani, Simpert mwishoni, amekonda, tai imepinda. Mzee alilizunguka gari polepole. Akachuchumaa kwa shida, akafumba jicho moja, akatazama mstari wa bega.

Wiebke alishika mkoba wake kwa nguvu. Mwendo ule aliujua. Aliuona jikoni kwa Bi Kögel.

"Haina neno," akasema mzee.

Mchongaji mmoja aligeukia ukuta. Mwingine akavua miwani.

"Wanalia nini?" Wiebke alimuuliza mama mmoja mwenye beji ya Reindler.

"Hajalisema kwa miaka tisa. Karatasi za kulipitisha gari alitia sahihi tu, neno akawanyima. Akilisema, maana yake ametafuta pa kugusa, hakupaona."

Wiebke alipita katikati ya waandishi, akamfikia Simpert, akamnyoosha tai.

"Miaka saba uliona tabu gani kunieleza, mjinga wewe?"

"Chumba kilikuwa na kufuli mbili."

"Mdomo nao?"

 Simpert machozi yalimlengalenga.

"Nimekuelewa sasa," Wiebke akasema. "Lakini nimechoka, Simpert. Kungoja tena siwezi, hata mwezi mmoja."

"Jumatatu saa mbili udongo wa kizazi cha tano unaingia."

"Najua. Kila mtu hapa anajua."

"Na ofisi ya ndoa inafunguliwa saa mbili."

Akamgeukia mzee. "Bwana Mödinger, naomba likizo. Wiki tatu, kuanzia Jumatatu."

"Umechagua wakati mbaya, Bobinger."

"Wakati mzuri nimeungoja miaka saba, Bwana Mkuu."

Mzee alimtazama Wiebke, koti la mvua, viatu, mkono ulioishika ile tai. "Nani atachonga mabega?"

"Mwingine," akasema Simpert.

Jioni ile walipanda treni ya kurudi. Walikuwa na mengi ya kusemezana, lakini kabla ya kituo cha pili kichwa cha Wiebke kilikuwa begani kwa Simpert, na cha Simpert juu ya cha Wiebke. Treni ikasimama Augsburg, ikaondoka. Mkagua tiketi ndiye aliyewaamsha, mwisho wa safari, Munich.

"Tumepitiliza," akasema Simpert.

"Jumatatu ni keshokutwa," akasema Wiebke, akafumba macho tena.